Aliyoambiwa Tussa

Jumamosi, 3 Januari

Daftari hili amenipa dada yangu Borghild. Amelituma kutoka mjini pamoja na soksi, na ndani ya jalada ameandika, "Andika, mdogo wangu, ili masikio yetu yapumzike." Anamaanisha kwamba nasema sana. Sibishi. Nyumba ya watu wawili lazima mmoja aseme, na Halvor, mume wangu, si huyo.

Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Mbwa wametafuna glavu yangu ya kushoto.

Jumapili, 4 Januari

Pikapu imekataa kuwaka, hatukwenda kanisani. Mbwa wametafuna na ya kulia.

Jumanne, 6 Januari

Niwaandike mbwa wenyewe, maana ndio wanaoendesha nyumba hii sasa. Tussa na Rask, jike na dume, tumbo moja, mwaka mmoja na nusu. Halvor alikwenda Septemba kutazama trekta kwa mtu karibu na mpaka, akarudi bila trekta, na mbwa wawili kwenye kiti. Nilipomwuliza ni wa nini, alisema, "Wa kondoo." Hayo ndiyo maelezo yote niliyopata hadi leo.

Ni mbwa wa kuchunga, damu yao yote ni mbio. Lakini kondoo wetu huingia bandani Novemba na hawatoki hadi Mei. Mbwa wa namna hii akikosa kazi hujitafutia. Wiki iliyopita waliwaswaga kuku wote wakawaingiza kwenye chumba cha kuogea mvuke, mmoja mmoja, kwa adabu, na Rask akalala mlangoni kuwalinda. Wamezunguka nyumba mbio mpaka theluji imechimbika kama mfereji, unanifika gotini. Mchungaji wa kanisa alipokuja kunywa kahawa alianza kuongea akiwa katikati ya jikoni, akamaliza akiwa amebanwa kati ya kabati na jiko la kuni, na wala hakujua alifikaje pale.

Rask hana neno, huyo ni mwendawazimu wa kawaida. Tussa ndiye. Halvor akikaa, Tussa huja akaketi mbele yake, akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama. Na Halvor humkuna nyuma ya masikio polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mimi nimeolewa naye miaka thelathini na tisa na sikumbuki ni lini mara ya mwisho mkono ule ulitulia juu ya kichwa changu.

Namwonea wivu mbwa. Nimeshaandika, basi.

Ijumaa, 9 Januari

Theluji siku nzima. Hakuna jingine.

Jumatano, 14 Januari

Leo tumefunga kiredio. Kila mfugaji huku anacho: ni kile kifaa ambacho watu humwekea mtoto mchanga chumbani ili wamsikie akilia. Sisi upande mmoja tunautundika kwenye boriti bandani, upande mwingine unakaa kwenye rafu yangu jikoni, karibu na kopo la kahawa. Kondoo jike akianza uchungu namsikia huku nakatakata viazi. Kwa miaka yote nimesikia kutafuna, kukohoa, na ndoo kugongwa.

Halvor alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kulisha. Nikawasha kiredio ili nipike uji. Nikasikia mwanamume anaongea.

Nilidhani jirani amekuja. Nilifuta mikono, nikasogea. Alikuwa mume wangu. Alikuwa akimweleza Tussa kwamba goti la kushoto linamuuma zaidi kukiwa na upepo wa kaskazini. Kwamba ameona nyayo za mbwa mwitu kando ya ziwa, mbili kwenda na moja kurudi, na hapendi hesabu hiyo. Kwamba kahawa ya nyumbani imekuwa nyepesi tangu daktari aanze kuingilia mambo. Sentensi nzima nzima, zenye mwanzo na mwisho. Aliongea dakika kumi na saba, maneno mengi kuliko niliyopewa mimi tangu majani yaanguke.

Akaingia, akapangusa buti. Nikamwuliza habari za bandani.

"Si mbaya," akasema, akala uji.

Alhamisi, 15 Januari

Dakika ishirini na mbili. Kahawa nimeifanya nzito. Hakusema kitu.

Ijumaa, 16 Januari

Alimwambia Tussa kwamba kahawa imekuwa nzuri ghafla. Alimwambia Tussa.

Jumatano, 21 Januari

Kondoo wa kwanza amezaa mapacha, wote wazima, wamenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, wakiwa bado wanafuka mvuke. Nilikwenda kusaidia kukausha. Kazi hiyo Halvor na mimi tunaifanya vizuri pamoja, mikono yetu inajuana hata kama midomo haijuani. Rask alitaka kuwaswaga watoto wale kabla hawajajua wana miguu mingapi, ikabidi afungiwe nje, akalia kama aliyefiwa.

Tussa aliruhusiwa kubaki. Alilala kwenye mabua pembeni bila hata kutikisa mkia, na Halvor akamwambia, mbele yangu, "Umependeza leo."

Nilikuwa nimevaa sweta mpya ya samawati. Nimeifuma miezi miwili.

Jumanne, 27 Januari

Nimempigia dada Borghild nikamweleza yote. Amecheka mpaka akakohoa.

"Unamwonea wivu kiumbe kinachokula glavu?"

"Nawaonea wivu wote wanaoongeleshwa."

"Mwenye wivu ajinyonge," akasema. "Ukishindwa hilo, zima kiredio."

Sizimi. Nimeanza kuamka kabla yake ili niwe nimekaa anapofika bandani. Nakunywa kahawa yangu pale pale kwenye rafu, nimesimama kama mtu anayesubiri basi. Nimejua mengi. Nimejua anaogopa ngazi ya dari ya nyasi kavu. Nimejua bado anamkasirikia kaka yake juu ya ile mashine ya kupura, na kaka mwenyewe ni marehemu. Nimejua ananiona nimekonda na anaogopa kuuliza. Angeniuliza tu! Ni meno, yananiuma nikitafuna.

Ijumaa, 30 Januari

Najionea aibu. Asubuhi nilimnyima Tussa mifupa, Rask nikampa miwili. Halafu Halvor alipotaka kutoka nikamfungia Tussa kwenye chumba cha mvuke, nikajifanya sijui aliko. Rask alikwenda akafungua kitasa kwa mdomo. Sikujua kama anaweza. Wakatoka wote wawili mbio, wakapita juu ya kitanda changu.

Mchana nilijaribu njia ya wazi. Nilikaa mbele ya Halvor baada ya supu nikamwuliza goti lake linaendeleaje. Akanitazama kwa mshangao, maana hajawahi kuniambia habari za goti. Akasema si mbaya, akavaa kofia akaenda kukagua maji yasigande. Yalikuwa hayajaganda, nilikuwa nimeyakagua mimi.

Alhamisi, 5 Februari

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Kondoo tisa wameshazaa. Mbwa wanainua miguu mmoja mmoja wakitembea kwa sababu ya barafu kati ya vidole. Halvor anawatoa vipande vile kwa kidole gumba, mguu kwa mguu, Tussa kwanza.

Alhamisi, 12 Februari

Leo naandika mpaka kalamu iishe wino.

Tulipata mtoto mmoja. Aliitwa Nils. Alizaliwa Februari, miaka thelathini na minne iliyopita, akaishi siku tisa, akafa tarehe kama ya leo. Mwingine hakuja.

Huku kwetu anayekufa wakati wa baridi hazikwi. Ardhi inakuwa chuma, jembe linarudi na cheche. Zamani zile walikuwa wakiwaweka katika chumba cha mawe kwenye makaburi ya mjini, na huko walisubiri mpaka udongo ulegee. Nils alisubiri hadi Mei. Mimi nilisubiri naye, nyumbani, kila asubuhi nikichoma kijiti ardhini pale kwenye bustani kuona kimeingia kiasi gani.

Siku moja ya Mei niliamka saa tatu, nilikuwa nimekunywa dawa ya usingizi, Halvor hayupo na pikapu haipo. Alirudi mchana akiwa na matope magotini. Alisema, "Imekwisha." Alikuwa amekwenda kumchukua mwanangu, akamzika kwenye uwanja wa kanisa letu, peke yake, bila kuniamsha.

Jioni ile nilimwuliza ilikuwaje. Akasema, "Hakuna cha kusema." Nikanyamaza. Nilijiambia, kama yeye amefunga mlango, mimi sitabisha hodi. Watu wananijua kwa kusema. Nasema juu ya hali ya hewa, siasa, jamu ya cheri na watoto wa watu. Lakini mahali pale pamoja nimepazunguka miaka thelathini na minne, kama unavyozunguka tundu kwenye barafu ya ziwa. Na yeye hajawahi kulitamka lile jina mbele yangu. Hata mara moja.

Leo alfajiri nilikuwa nakoroga uji. Kiredio kikakohoa kidogo, kisha nikasikia sauti yake, chini chini.

"Tussa, leo ni siku ya Nils."

Nilishika ukingo wa jiko, sikuhisi moto mpaka baadaye.

"Siku ile ya kumzika," akasema, "kisanduku kilikuwa chepesi. Nilidhani wamenipa kitupu. Nikakishika hivi, nikakiweka..."

Hapo Rask akaruka uzio akaingia katikati ya majike. Ndoo zikaanguka, kondoo wakalia, Halvor akapiga kelele, mlango ukabamizwa. Niliweka sikio kwenye kiredio mpaka likapata joto. Hakurudia. Uji uliungua wote, na leo mkono wangu una lengelenge.

Alikiweka wapi? Nimesubiri jina lile nusu ya maisha yangu, na limepewa mnyama aliyetafuna glavu zangu. Na si jina tu. Amempa ile siku, siku yangu, ambayo nilinyang'anywa nikiwa usingizini. Angalau mwanamke mwingine ningeweza kwenda kumng'oa nywele. Huyu nimfanyeje? Alipoingia ndani nyuma ya Halvor, akaja akanilamba mkono palepale nilipoungua, nikamsukuma kwa mguu.

Jumapili, 15 Februari

Einar Sletten amepita kunywa kahawa. Ni binamu yake Halvor, anafuga ng'ombe maili arobaini kusini. Mbwa wake mzee amekufa, na ana majike hamsini wenye mimba na wa kuwaswaga hana. Alieleza hayo kama watu wetu wanavyoeleza shida, yaani akitazama dirishani na kusema kwamba kuna wenye hali mbaya zaidi.

Sikupanga. Ninaapa sikupanga. Niliusikia mdomo wangu ukisema, "Mchukue Tussa."

Einar akamtazama Halvor. "Hapana, hapana, shemeji. Siwezi."

Hilo ni la kwanza tu. Huku hakuna mtu anayekubali kitu mara ya kwanza, hata kikombe cha kahawa akiwa na barafu kwenye masharubu. Unampa, anakataa. Unampa tena, anasema usijisumbue. Mara ya tatu ndiyo anavuta kiti. Anayekubali mapema tunamwona mlafi, na anayetoa mara moja tu tunajua hakutaka kutoa.

Nikamwambia tena: wawili wamenizidi, na kazi hakuna. Akasema huyo ni mbwa wa binamu, asije akaonekana amekuja kunyang'anya. Halvor alikuwa anakoroga kahawa yake. Halvor hatii sukari.

"Unasemaje, mzee?" nikamwuliza.

"Kama unaona hivyo," akasema.

Nikamwambia Einar mara ya tatu, na Einar akasema basi, kama hamtaudhika.

Tussa aliruka ndani ya gari la Einar kwa furaha, akakaa upande, akaacha nafasi. Alidhani Halvor naye anakuja. Halvor alifunga mlango wa gari kwa mikono miwili, taratibu, usimgonge mkia.

Nimeshinda. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 16 Februari

Kiredio: kondoo.

Jumanne, 17 Februari

Kondoo.

Jumatano, 18 Februari

Kondoo, na ndoo. Nilidhani nimesikia neno, kumbe ni koo lake.

Alhamisi, 19 Februari

Rask amelala langoni tangu asubuhi, theluji imemfunika mpaka amekuwa kichuguu chenye masikio. Hali chakula. Haibi. Nilisahau glavu mpya kwenye kiti, kisha nikaziacha makusudi. Jioni zilikuwa palepale.

Jumapili, 22 Februari

Kondoo mmoja amezaa mtoto mfu, mkubwa, mzuri. Nilisikia yote: kuhema, kuvuta, kisha kimya. Nikangoja aseme kitu. Wiki tatu zilizopita angesema. Angemweleza Tussa kwamba alichelewa, au kwamba haikuwa kosa la mtu, na mimi hapa jikoni ningejua nimpikie nini. Hakusema. Alikuja akanawa mikono muda mrefu kwa maji ya moto. Nikamwuliza habari za bandani.

"Si mbaya."

Nilitaka kumtupia sufuria. Nilitaka pia kumshika. Sikufanya lolote, nikaepua viazi.

Alhamisi, 26 Februari

Tufani siku ya pili. Kutoka nyumbani hadi bandani tumefunga kamba, unaishika usipotee, maana huoni hata mkono wako.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Nimekaa na kimya hiki siku kumi na moja na mshindo wake nimeusikia. Nilidhani namnyang'anya Tussa kitu. Mchimba kisima huingia mwenyewe: mimi ndiye niliyekuwa nakula kwenye sahani ile. Mume wangu nilikuwa nampata kupitia kijiboksi cha plastiki, kwa kuiba, kwa kudokoa, lakini nilikuwa nampata. Sasa hana wa kumwambia na mimi sina pa kusikilizia.

Halvor ana miaka sabini na moja. Goti linamwisha, ngazi inamwogopesha. Siku ile ya Mei iko ndani yake mle na haipo kwingine popote duniani. Akiondoka itaondoka naye, nami sitajua kamwe mwanangu alikwendaje kaburini. Na yule mmoja aliyekuwa anaelekea kuambiwa nimemtoa mimi, kwa mikono yangu, mara tatu, kwa adabu zote.

Jumapili, 1 Machi

Barabara imefunguliwa. Nilimwambia Halvor nakwenda kwa Einar, sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza. Alitoka tu akakwangua barafu kwenye kioo cha pikapu, pande zote, hata taa.

Kurudisha mkono kwenye kitu ulichotoa ni aibu huku, watu huhama kanisa kwa kidogo kuliko hicho. Nilijipanga maneno maili zote arobaini. Nilipofika Tussa alikuwa uwanjani anawapanga ng'ombe, mdogo mbele ya yale majitu, anawaendesha kwa macho tu. Nilisikia wivu upya, nikamwonea na Einar pia. Kisha akanitambua. Aliwaacha ng'ombe wote wakasambaa, akanijia mimi niliyempiga teke.

Einar aliniita ndani. Nilikataa kahawa mara mbili, ya tatu nikakaa. Nikamwambia nimekuja kumwomba Tussa arudi, na kwamba kosa ni langu, Halvor hakunituma.

"Nilikuwa nakungoja, shemeji," akasema. "Anafanya kazi vizuri, lakini chakula anakinusa tu. Kila gari likipita anakwenda langoni." Akanimiminia tena. "Siku ile nilikataa mara mbili ili Halvor apate nafasi. Nilidhani atamzuia."

"Halvor hazuii kitu. Nilimwuliza, akasema kama unaona hivyo."

"Ulimwuliza mara ngapi?"

Sikuelewa. "Nilimwuliza. Mara moja."

Einar akanitazama kama nimesema niliacha jiko linawaka nikaenda sokoni.

"Mara moja," akasema. "Mtu yule? Tangu utoto hata maji ya kunywa huchukua mara ya tatu."

Nilikaa ndani ya pikapu muda mrefu kabla ya kuiwasha. Tussa alikuwa ameshakaa kando yangu. Mara moja. Jioni ile ya Mei nilimwuliza mara moja. Mchungaji akija namlazimisha keki mara nne. Mgeni nisiyemjua barabarani sikubali aondoke na "hapana" yake ya kwanza. Mume wangu alipokataa mara ya kwanza, nilifunga mdomo juu ya jambo lile miaka thelathini na minne, nikajiita mwenye kuumizwa.

Niliendesha nikiongea. Nilimweleza Tussa yote, kuanzia kile kijiti nilichokuwa nachoma bustanini. Nililia nikamweleza na hilo. Yeye aliinamisha kichwa upande, akanitazama. Hakunikatiza. Hakunipa mfano wa mtu mwingine aliyepatwa na makubwa zaidi. Hakuniambia ningefanya nini. Ndipo nilipoona alicho nacho ambacho mimi sina, na wivu wangu ukapata mahali halali pa kukaa.

Halvor alikuwa bandani. Nilimfungulia Tussa mlango wa gari, akaenda kama risasi. Rask alilipuka kutoka langoni, wakazunguka banda mara nne, wakaangusha kila kilichosimama, kondoo wakasimama ukutani kama washirika kanisani. Nilipoingia Halvor alikuwa amepiga lile goti baya kwenye mabua na uso ameuficha kwenye manyoya ya shingo ya mbwa. Hakuinuka haraka. Nilimpa muda.

Kisha nikamwonyesha boriti. "Kiredio kile," nikasema, "nimekuwa nakusikiliza. Tangu Januari. Kila asubuhi."

Akakitazama. Akanitazama.

"Yote?"

"Yote. Mpaka siku ya Nils, Rask aliporuka."

Masikio yake yakawa mekundu. Nilidhani atatoka. Nilikaa juu ya robota la nyasi kavu, karibu na mlango, nikiwa nimeuziba kidogo.

"Niambie siku ile, Halvor."

"Hakuna cha kusema."

Yaleyale, neno kwa neno, kama alikuwa ameyahifadhi. Safari hii sikuondoka. Nilinyamaza. Sijui kama kuna aliyewahi kunyamaza kwa taabu hivyo, ulimi ulikuwa unanichezacheza mdomoni. Mwana-kondoo mmoja alinyonya, akashiba, akalala.

"Niambie."

"Ni zamani mno, Ragna. Acha."

Nikakaa tena. Mbwa nao walikuwa wamechoka, wamelala, Tussa katikati yetu. Halvor alipindua ndoo akaikalia. Mikono yake haikujua pa kwenda mpaka ikampata Tussa.

"Niambie," nikasema mara ya tatu. "Ulikiweka wapi kile kisanduku?"

Alianza akimtazama mbwa. Alisema mzee wa makaburi alitaka kukipakia nyuma ya pikapu pamoja na makoleo, naye akakataa. Alikiweka mbele, kwenye kiti, akakifunga mkanda. Njia ya kanisani ilikuwa kushoto. Alikata kulia.

"Nilimleta nyumbani kwanza," akasema. "Alikuwa hajapaona. Nikasimama pale langoni, nikamwonyesha banda. Nikamwonyesha ziwa, barafu ilikuwa imetoka wiki ile. Nikamwonyesha dirisha letu, nikamwambia mama yako yuko mle, amelala." Akamkuna Tussa. Nikamwacha. "Nilitaka kuja kukuamsha. Nilifungua mlango wa gari nikashusha mguu. Nikaufunga. Nikaufungua tena."

"Kwa nini hukuja?"

Hapo ndipo aliponiangalia mimi.

"Ungemchukua," akasema. "Ungemshika, na mimi nisingeweza kukunyang'anya."

Tulikaa mpaka maji yakaanza kuganda kwenye ndoo. Nilikuwa nimehamia kwenye mabua, upande wa pili wa mbwa, na mkono wake ulikuwa kichwani pangu. Nimelifikiria neno lake tangu jioni, nikitafuta pa kulipinga, kama nilivyozoea. Sipati. Ni kweli. Ningemchukua, na nisingempa mtu.